Manyuo Ilipokuwa na Nguvu Kuliko Oto

Miaka ya 1970, katika mashamba ya ng'ombe ya Marekani, mfugaji asiye na msaidizi aliweza kulisha mifugo kwa pikapu yake peke yake. Alitia gia namba moja, akaachia klachi taratibu, kisha akapanda nyuma na kuanza kutupa nyasi kavu huku gari likitambaa lenyewe uwanjani. Mafuta hakuyakanyaga. Gia ilikuwa nzito mno kiasi kwamba injini haikuzimika.

Uzito huo unapimika. Kwenye giaboksi ya SM465, iliyofungwa katika pikapu za Chevrolet na GMC kuanzia 1968 hadi 1991, injini ilizunguka mara 6.55 ndipo shafti ya kutokea izunguke mara moja. NP435, ambayo Ford na Dodge waliitumia, ilifika 6.69. Gari likiwa tupu barabarani, dreva aliondokea namba mbili. Namba moja ilingoja tope, mlima au tela lililojaa, na Wamarekani waliiita gia ya bibi kwa sababu ya mwendo wake.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana. Pikapu ya kazi tunayoijua, Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ, ni ya manyuo, na anayeiendesha haoni ajabu yoyote. Huko Marekani klachi imetoweka kabisa katika pikapu nzito, na wengi husema imeuawa na uvivu wa madereva. Naona maelezo hayo yanaionea historia. Kwa muda mrefu manyuo ndiyo iliyokuwa na nguvu, na oto ndiyo iliyokuwa dhaifu.

Mwaka 1989 Dodge ilianza kuuza pikapu zenye injini ya dizeli ya Cummins ya lita 5.9, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na turbo. Ukoo wa injini hiyo ulikuwa ukifanya kazi katika mashine za kilimo na ujenzi. Farasi wake 160 hawakumshtua mtu. Kilichoshtua ni nguvu ya msokoto, Newton-mita 542, tena kwa mizunguko ya chini. Mnunuzi alichagua kati ya manyuo ya gia tano ya Getrag, kutoka Ujerumani, na oto ya gia tatu. Oto hiyo haikuwa na gia ya mwendo mrefu, kwa hiyo kwenye barabara kuu injini isiyopenda kuzunguka haraka ililazimishwa kulia njia nzima.

Baadaye tofauti iliingia hata ndani ya injini zenyewe. Mwaka 1996 Dodge yenye Cummins ileile ilitoka kiwandani na farasi 180 ikiwa na oto, na farasi 215 ikiwa na manyuo. Kampuni iliipunguzia injini makali ili oto isivunjike. Mwaka 2001 likaja toleo la farasi 245 na Newton-mita 685, nalo lilipatikana kwa giaboksi ya manyuo ya gia sita tu. Aliyetaka nguvu yote alilipa kwa mguu wa kushoto.

Manyuo nayo ilikuwa na kidonda chake. Giaboksi ya NV4500, iliyotengenezwa Muncie, Indiana, ilichukua nafasi ya Getrag wakati Ram, pikapu mpya ya Dodge, ilipotoka mwaka 1994. Ilikuwa kifaa kigumu, isipokuwa kwenye mkia wake. Gia namba tano ilikaa huko nyuma, imevishwa kwenye meno ya shafti kuu na kubanwa kwa nati moja kubwa. Dizeli ya silinda sita haizunguki kwa ulaini. Kila silinda inapolipuka inatikisa shafti. Dreva akivuta tela zito kwa namba tano, mizunguko ikiwa chini, mtikisiko huo uliifungua nati kidogo kidogo, siku baada ya siku, mpaka gia ikateleza kutoka kwenye meno yake. Gia nyingine zote ziliendelea kufanya kazi. Mtu alirudi nyumbani kwa namba nne, injini ikilia, akijiuliza namba tano imekwenda wapi. Mafundi wa nje ya kiwanda walijibu kwa nati bora zaidi na kwa shafti mpya yenye meno marefu yanayoishika gia yote.

Mizani ilianza kuinamia upande wa pili mwaka 2001, General Motors ilipoweka oto ya Allison nyuma ya dizeli yake mpya ya Duramax. Allison ilikuwa imejijengea jina kwenye malori na mabasi, na sasa mvutaji wa mizigo hakuwa na sababu ya kuiogopa oto. Pikapu nzito za General Motors ziliendelea kutolewa na manyuo ya ZF ya gia sita hadi modeli za 2006. Mwaka huohuo kiwanda cha Muncie kilifungwa. Ford ikaachana na manyuo katika Super Duty baada ya modeli za 2010.

Ikabaki Ram peke yake, na giaboksi yake ya manyuo ya G56, ya gia sita, kutoka Mercedes-Benz. Hapa hesabu ya 1996 iligeuka kichwa chini. Mwaka 2013 Cummins ya lita 6.7 ilitoa Newton-mita 1,152 ikiwa na oto yake nzito, na 895 tu ikiwa na manyuo. Safari hii aliyepunguziwa makali ni mwenye klachi. Oto ya kisasa hupokea nguvu kupitia mafuta, na kompyuta huituliza injini kila gia inapobadilishwa. Klachi hupokea mshtuko wote uso kwa uso, na kiwanda hakiwezi kujua ni mguu wa nani utakaoiachia, wala kwa pupa kiasi gani. Injini ilikuwa imekua kupita giaboksi.

Ram ya mwisho yenye manyuo ni modeli ya 2018. Iliyofuata ilifika Newton-mita 1,356, na kanyagio la tatu halikuwemo.

Wanaoipenda manyuo leo hutafuta gari kuukuu. Anayekwenda kununua Dodge ya 1996 aombe kuiendesha ikiwa na tela lenye mzigo, aipandishe mpaka namba tano, kisha aangalie kama gia inavuta.