Karatasi Iliyobaki Mezani kwa Mhariri

Tembo anayetoka usiku Hifadhi ya Serengeti akaingia kwenye mahindi ya mkulima wa Machochwe ni hasara tupu. Tembo huyohuyo akichorwa Dar es Salaam kwa rangi ing'aayo ya baiskeli, hununuliwa na mgeni akapandishwa ndege hadi Ulaya. Kati ya tembo hawa wawili yupo mtu ambaye historia ya sanaa yetu imemtaja kidogo mno: muuzaji, wakala, dalali, mwite upendavyo. Nimekuwa nikimfuatilia kwa sababu naamini palipokosekana yeye, kazi nyingi njema zimepotea, na vibonzo ndivyo vilivyopotea zaidi.

Wachongaji walimpata mapema. Katika miaka ya 1950 mfanyabiashara Mohamed Peera wa Dar es Salaam alinunua vinyago vya Wamakonde, akawatia moyo mafundi kama Samaki Likankoa wachonge yaliyomo vichwani mwao, hata yale maumbo ya kutisha yaliyokuja kuitwa mashetani. Bila mnunuzi wa kwanza mwenye subira, nani angemaliza gogo la mpingo kwa kazi isiyofanana na kitu chochote? Wachoraji nao walifuata. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968, na picha zake zikauzwa Oysterbay, nje ya duka la Morogoro Stores, walikopita wageni. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, kwa makosa. Wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakaunda ushirika ili wauze wenyewe. Nairobi ilikuwa na Gallery Watatu, na George Lilanga wa Nyumba ya Sanaa akaingia kwenye mkusanyiko wa mkusanyaji Jean Pigozzi, ambao ulimfikisha mbali.

Mchora vibonzo hakuwa na mtu wa namna hiyo. Christian Gregory alipoanza kumchora mhusika wake Chakubanga katika gazeti la Uhuru mwaka 1967, nchi nzima ilimjua Chakubanga. Baadaye jarida la Sani, la Said Bawji na Nicco ye Mbajo, likaleta wahusika wa Philip Ndunguru, akina Madenge na Lodi Lofa, na nakala moja ilisomwa na watu wengi kabla haijachakaa. Ndunguru alifariki mwaka 1986, bado kijana. Lakini mwenye gazeti alinunua haki ya kuchapa tu. Karatasi yenyewe, yenye wino na alama za kufuta penseli, ilichukuliwa kama ganda la ndizi baada ya ndizi kuliwa. Ikishapigwa picha kwa ajili ya sahani ya uchapaji, kazi yake imekwisha. Hapo ndipo tulipopoteza, maana hati ya mkono wa msanii haina nakala.

Wamarekani nao walikuwa hivyo hivyo. Kampuni kubwa za majarida ya vibonzo zilikaa na maelfu ya kurasa za wachoraji wao kwa miaka mingi. Jack Kirby, mmoja wa waliobuni Captain America na Fantastic Four, aligombana na Marvel hadi mwaka 1987 ndipo akarudishiwa karibu kurasa 2,000, sehemu tu ya alizochora. Lakini kurasa zilipoanza kurudi kwa wenyewe katika miaka ya 1970, biashara mpya ikazaliwa. Mchoraji, ambaye kazi yake ni kuchora wala si kubishana bei, alimkabidhi wakala rundo lake. Wakala akaliuza kwanza kwenye mikutano ya wapenzi wa vibonzo, kisha kwenye intaneti: anapiga picha safi ya kila ukurasa, anaandika ukubwa wake, toleo na mwaka ulipochapwa, anataja bei, anapokea fedha, anafunga mzigo na kukata kamisheni yake. Mkusanyaji humwamini kwa sababu anajua karatasi ilitoka mkononi mwa nani. Imani hiyo ndiyo bidhaa anayoiuza kweli.

Na bei zilipanda hadi zikashangaza. Januari 2021, nyumba ya mnada ya Artcurial ya Paris iliuza mchoro wa jalada ambao mchora vibonzo Hergé aliuchora mwaka 1936 kwa ajili ya kitabu cha Tintin, Le Lotus bleu, kwa zaidi ya euro milioni 3. Mchapishaji alikuwa ameukataa kwa sababu kuchapa rangi zake kungekuwa ghali. Mistari ya kukunjwa bado inaonekana, kwa kuwa ulikaa umekunjwa miaka mingi.

Jirani zetu wa Kongo walielewa thamani ya karatasi hizi mapema zaidi yetu. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani mwaka 1959, alichora vitabu vya wachapishaji wa Ufaransa na Ubelgiji, mahali ambapo ukurasa halisi una wanunuzi. Vijitabu vya mchora vibonzo Papa Mfumu'eto wa Kinshasa, vilivyouzwa mitaani kwa bei ya chini kabisa, vimehifadhiwa leo pamoja na michoro yake Chuo Kikuu cha Florida. Nafurahi kwamba vipo, na inaniuma kwamba havipo karibu.

Kenya ilibadili sheria yake ya hakimiliki mwaka 2019 na kumpa msanii fungu la asilimia 5 kazi yake inapouzwa upya. Ni hatua ya haki. Lakini soko la kurasa halisi linatufikia wakati ambapo wachora katuni wengi wameacha wino na kuhamia kwenye kompyuta, mahali ambapo hakuna karatasi ya kubaki kwa mhariri wala kwa mchoraji. Anayechora bado kwa kalamu ana kitu kinachoadimika.

Kijana wa Machochwe mwenye simu anaweza leo kumwonyesha mchoro wake mtu wa Brussels kabla chai haijapoa. Ila picha ndiyo inayoruka. Karatasi itapanda gari hadi mjini Mugumu, ikibanwa katikati ya maboksi mawili magumu, sahihi yake ikiwa imeandikwa nyuma kwa penseli, pamoja na mwaka.