Chazo, samaki anayesafirishwa akiwa hai
Chazo ni samaki wa bahari mwenye sahani ya kunatia utosini, ambayo kwa asili ni pezi la mgongoni lililogeuka umbo. Wavuvi wa Kibajuni, kuanzia Kismayu hadi visiwa vya Koyama, Chovai na Chula, walimtumia kunasa kasa: hufungwa kamba shinani mwa mkia, huachiliwa karibu na kasa, naye humng'ang'ania hadi wavutwe pamoja. Afisa wa Uingereza aliyekuwa Unguja, Frederic Holmwood, aliandika kuhusu uvuvi huu mwaka 1884.

Ugumu ulikuwa kumweka hai. Maji machache yaliyopigwa na jua hushika oksijeni kidogo, na uchafu wa samaki huyaharibu upesi, sharti yabadilishwe. Anayehamisha tangi kubwa la maji ya chumvi huko ughaibuni ana shida hiyohiyo, ila hana bahari ubavuni ya kuchotea. Hubeba sehemu ya maji ya zamani, hupuliza hewa ndooni, na huyaacha mawe yakiwa yamelowa, kwani bakteria wanaosafisha maji hufa yakikauka. Chazo aliyenata ukutani havutwi kinyumenyume, maana huzidi kushika. Husukumwa mbele taratibu, akabanduka.