Mafuta ya Makonyo

Kwetu Pemba karafuu huchumwa kwa vishada. Baada ya isha watu hukaa jamvini wakachambua: karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vya kishada, kule. Nimelelewa kwenye kazi hiyo, na nikisoma sifa za yujenoli, akili yangu hukimbilia kwanza kwenye lile rundo la makonyo.

Yujenoli ndiyo inayoipa karafuu ukali wake. Maabara imeonyesha kwamba huzituliza radikali huru, molekuli zisizotulia ambazo hunyang'anya elektroni popote zipatapo, zikaharibu mafuta ya seli na hata DNA. Yujenoli huzipa atomi yake ya haidrojeni, nazo zikanyamaza. Lakini ya maabara hayageuki dawa ya kunywa: mafuta ya karafuu yakimezwa mengi hudhuru ini, na mtoto asipewe kabisa. Bibi yangu aliishia kuweka punje moja kwenye jino linalouma. Hakukosea, maana madaktari wa meno nao huchanganya yujenoli na oksidi ya zinki kuzibia meno.

Mkarafuu wenyewe haukuanzia kwetu: asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Katika karne ya 18 Wafaransa waliiba miche huko wakaipeleka Mauritius, na mapema karne ya 19 mkarafuu ukafika Unguja. Anayetajwa sana kuuleta ni Saleh bin Haramil. Inasimuliwa kuwa Sultani, Seyyid Said bin Sultan, aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi. Amri ilikuwa yake, jembe lilikuwa la watumwa waliotolewa bara, na utumwa haukufutwa kisheria visiwani mpaka 1897. Masimulizi mengi ya karafuu humsifu Sultani, watu hao wakapitwa kwa sentensi moja. Mimi naona wao ndio walioijenga Zanzibar ya karafuu.

Aprili 1872 kimbunga kiliiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilinusurika, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka kwetu.

Sasa makonyo. Konyo lina mafuta machache, kama asilimia 5 ya uzito wake, ilhali karafuu kavu hufika 15 na kupita. Lakini mafuta hayo machache yamejaa yujenoli. Katika kiwanda cha Wawi, karibu na Chake Chake, makonyo hushindiliwa ndani ya mtungi mkubwa wa chuma, mvuke ukapenya kati yake, kisha ukapozwa. Maji na mafuta hutoka pamoja. Aliyezoea mafuta ya nazi hutazama juu ya maji. Haya huzama, yakatulia chini, manjano na mazito, na harufu yake hushika nguo kutwa nzima.

Hata hivyo konyo hununuliwa kwa bei ndogo mno mbele ya karafuu, na wanaolichambua usiku wengi wao ni wanawake. Ningetaka bei hiyo ipangwe kwa kuangalia yujenoli iliyomo.