OX, lori dogo la njia za tope

OX ni lori jepesi lililosanifiwa Uingereza kwa ajili ya Afrika na nchi nyingine ambako lami huisha mapema. Lilitangazwa mwaka 2013, kisha likaoneshwa hadharani London mwaka 2016. Mwenye wazo ni Torquil Norman, mfanyabiashara aliyejijengea jina katika biashara ya vitu vya kuchezea watoto. Msanifu wake ni Gordon Murray, mzaliwa wa Durban, Afrika Kusini, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuunda magari ya mashindano ya Formula One, na baadaye McLaren F1 ya mwaka 1992, gari la matajiri wachache. Si kila siku mtu wa aina hiyo anaombwa afikirie namna ya kubeba magunia.

Chimbuko la wazo liko nyuma zaidi. Mwaka 1984 Anthony Howarth, mpiga picha na mtengeneza filamu, aliunda magari matatu yenye bodi ya mbao za plaiwudi zilizotiwa gundi ngumu ya epoksi, akayafunga mitambo ya Citroën na kuyaendesha kutoka Aktiki hadi Ikweta. Aliyaita Africar. Hoja yake ilikuwa kwamba gari la kijijini Afrika halihitaji kiwanda cha mashine kubwa za kukunja mabati. Linahitaji kitu ambacho seremala anaweza kukikata. Kampuni yake ya mjini Lancaster ilianguka mwaka 1988, lakini Norman alikuwa ameliona jaribio lile na hakulisahau.

Kwa umbo OX ni dogo: urefu wake ni mita 4.2, yaani ni fupi kuliko Toyota Noah zinazobeba abiria katika miji yetu. Hata hivyo lilisanifiwa kubeba kilo 1,900. Kwa hesabu ya mkulima hayo ni magunia 19 ya kilo 100, yaliyopimwa kwa haki bila lumbesa. Likipangwa kwa abiria linachukua watu 13, na likipangwa kwa mapipa yanaingia manane ya lita 200. Injini ya muundo wa kwanza ni ya dizeli, lita 2.2, ya Ford, yenye gia za mkono.

Dereva hukaa katikati, na abiria wawili pembeni yake. Jambo hili linaonekana kama mbwembwe za msanifu hadi utakapofikiria mipaka ya Afrika Mashariki: Tanzania, Kenya na Uganda huendesha kushoto, Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Usukani ukiwa katikati, lori moja linafaa pande zote bila kubadilishwa chochote. Ubanaji huohuo wa gharama umeenea mwili mzima. Vioo ni bapa, kwa hiyo kimoja kikivunjika fundi anaweza kukata kingine. Paneli nyingi za bodi, na hata sehemu kadhaa za mitambo ya chini, zinaingia kushoto au kulia, hivyo muuza spea anaweka rafuni kipande kimoja badala ya viwili. Mlango wa nyuma unafunguka na kuwa daraja la kupakilia. Fremu za viti vya nyuma zinang'oka na kutandikwa chini ya matairi lori linapozama. Injini inaweza pia kuendesha pampu ya maji au jenereta likiwa limesimama.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba OX halina mvuto wa magurudumu manne. Yanayovuta ni ya mbele tu. Murray alitegemea mgawanyo wa uzito: lori tupu huweka asilimia 73 ya uzito wake juu ya ekseli ya mbele, na likijaa mzigo bado asilimia 53 inabaki mbele. Matairi yanayovuta hayakosi kitu cha kuyakandamiza ardhini, na fundi anaondokewa na difu ya nyuma, propela shafti na kila kinachoambatana nazo.

Uundaji wake nao ni wa pekee. OX lilisanifiwa kusafirishwa likiwa vipande bapa vilivyofungwa. Kontena moja la futi 40 linabeba malori sita ya vipande, wakati yaliyokwisha kuundwa yangeingia mawili tu. Yakifika, mafundi watatu wenye ujuzi wanaweza kuunda moja kwa takriban saa 12. Kwa mahali kama Mbeya, zaidi ya kilomita 800 kutoka bandari ya Dar es Salaam, tofauti ya sita na mawili ni pesa nyingi ya usafirishaji, na kazi ya kuunda ingebaki kwa mafundi wa huku.

Lori kama hili lingepimwa vizuri Kyela. Wilaya hii ya Mkoa wa Mbeya ni tambarare iliyo chini ya milima ya Rungwe, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, na upande wa mashariki imezibwa na Milima ya Livingstone. Mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inashuka humo na maji ya nyanda za juu. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Mei, Machi na Aprili ikiwa miezi mizito, na udongo wa mashamba ya mpunga ukilowa hung'ang'ania tairi. Lami inateremka kutoka Tukuyu hadi Kyela mjini, na njia ya kwenda Matema kupitia Ipinda nayo imetengenezwa. Lakini kakao, mpunga, mawese na machungwa havioti kando ya lami. Vinatoka vitongojini kwa bodaboda, kwa baiskeli, kichwani, na kwa kirikuu, yaani Suzuki Carry ndogo ambayo kwa sheria za Japani haipaswi kubeba zaidi ya kilo 350. Kila anayeijua Kyela ameiona ikibeba mara mbili ya hapo na zaidi.

Hapo ndipo OX lina hoja. Pia hapo ndipo lina mashaka. Paneli zake pia ni za mbao, nazo zinahitaji kuzibwa barabara zisinywe maji, na katika joto na unyevu wa ufuo wa ziwa mkwaruzo mmoja usiofunikwa unatosha kuanzisha uozo. Matema wapo mafundi wa mitumbwi wanaojua tabia za mbao kuliko msanifu yeyote, lakini gundi ya epoksi haiuzwi dukani Ipinda. Injini ya Ford ni tatizo jingine. Gereji za Kyela zinaishi kwa spea za Toyota na Suzuki, na lori linalosubiri pampu ya dizeli kutoka nje ya nchi ni kibanda cha kuku.

Kenya ilijaribu njia tofauti. Joel Jackson, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi na wakulima wa pwani ya nchi hiyo, alianzisha Mobius Motors. Mobius II, iliyouzwa kuanzia 2015 kwa shilingi 950,000 za Kenya, ilikuwa fremu ya mabomba ya chuma iliyoinuliwa juu, bila kiyoyozi na bila vioo vya madirisha ya pembeni. Wanunuzi waliitazama, wakatazama Toyota iliyotumika kwa bei ileile, wakachagua Toyota. Mobius III ikaja na starehe zote na bei ya karibu shilingi milioni 4, na mwanakijiji akatoka kabisa katika hesabu. Agosti 2024 kampuni ilitangaza kufunga, kabla ya kupata mnunuzi. Tanzania nayo ina Nyumbu, kituo cha teknolojia ya magari cha Kibaha kilicho chini ya wizara ya ulinzi, kilichounda malori yake ya kwanza ya kizalendo bila kufikia uzalishaji wa kuuza sokoni kwa wingi.

OX lenyewe limebadilika. Kampuni ya OX Delivers ililigeuza kuwa la umeme na kuanza kazi Rwanda mwaka 2021, kwa mpango ambao pengine una maana zaidi kuliko lori: haikumuuzia mkulima gari, ilimkodishia nafasi ndani yake. Mwenye mikungu michache ya ndizi alilipia mikungu hiyo tu, na dereva alipitia mzigo wake njiani.

Kyela msingi wa mpango kama huo upo tayari. Wakulima wa kakao wamejipanga katika vyama vya ushirika vya AMCOS, mzigo unakusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, kwa hiyo siku na mahali pa kupeleka magunia vinajulikana mapema. Atakayetaka kuleta gari la namna hii ufuoni mwa Nyasa aanze kuzungumza na viongozi wa AMCOS na mafundi wa Kyela mjini, kabla ya kuagiza kontena.