Wagumu wa Meru: Historia ya Kupanda

Wameru na Waarusha waliingia misitu ya Mlima Meru kwa sababu zinazoeleweka: asali, kuni, dawa, malisho. Kupanda ili mtu afike kileleni tu, kisha ashuke, kulikuja na Wajerumani. Vitabu vinagombana kama wa kwanza kufika juu kabisa, mita 4,566, alikuwa Carl Uhlig mwaka 1901 au Fritz Jaeger mwaka 1904. Mimi ugomvi huo haunishughulishi. Misafara ya zama zile haikwenda popote bila wapagazi, na hao historia haiwataji.

Kwa jirani yake Kilimanjaro tunajua zaidi kidogo. Mjerumani Hans Meyer alijaribu mwaka 1887 akarudi. Mwaka 1888 safari ikaishia mikononi mwa watu wa Abushiri, aliyeongoza upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani. Mwaka 1889 alibadili mpango: chakula kipandishwe kutoka Marangu mara kwa mara, na kambi ya juu ikae na Mwini Amani wa Pangani. Mtu huyu wa pwani alivumilia baridi ile huku Meyer na mwenzake Ludwig Purtscheller wakikata ngazi kwenye barafu, hadi wakafika kileleni tarehe 6 Oktoba. Ushindi ule naupa jiko kwanza, ndipo shoka la barafu.

Baadaye kupanda kukagawanyika. Wa mwamba walikwenda Mlima Kenya, ambako Eric Shipton na Percy Wyn-Harris walikifikia kilele cha Nelion mwaka 1929. Raha yao ni kufumbua jiwe kwa vidole, hatua kwa hatua. Wa barafu walipata kilele chao mwaka 1978, Reinhold Messner na Konrad Renzler walipoupanda ukuta wa Breach wa Kilimanjaro. Mchezo huo hapa kwetu unakufa: kati ya 1912 na 2007 Kilimanjaro ilipoteza kama asilimia 85 ya eneo la barafu yake. Wa mbio tunaye Simon Mtuy, aliyepanda na kushuka Kilimanjaro mwaka 2006 kwa saa 9 na dakika 21, akijibebea mahitaji yake. Na tangu Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, dunia nzima hutazama vijana wakikwea ukuta wa mita 15 kwa sekunde chache.

Meru nayo ina ukuta. Ndani ya kreta, juu ya kichuguu cha majivu, jabali limesimama kama mita 1,500. Ni zao la volkano, lenye mawe yaliyolegea, kwa hiyo wageni huliangalia wakiwa ukingoni. Njia yao ni ya miguu: geti la Momella, askari mwenye bunduki mbele kwa sababu ya nyati, usiku wa kwanza kwenye vibanda vya Miriakamba, wa pili vya Saddle, kisha kuamka kama saa nane usiku kuelekea Rhino Point na ule mgongo mwembamba wa mawe na majivu.

Katika njia hiyo kuna aina ya upandaji ambayo naiona sawa na hizo zote, ingawa haina medali. Wapagazi wenyewe huitana wagumu. Asubuhi mzigo unapimwa kwenye mizani getini. Ukizidi kilo 20 unapunguzwa. Begi la mgeni huingizwa kwenye mfuko usiopitisha maji, unafungwa kamba, unakaa kichwani au mabegani, na vitu vya mgumu mwenyewe viko mgongoni. Mgeni anaambiwa pole pole. Mgumu anaondoka nyuma yake akishaosha vyombo, anampita njiani, na mgeni anapofika Miriakamba maji ya kunawa yameshapata moto. Shingo haiyumbi hata mguu ukiteleza kwenye tope. Hilo halifundishwi siku moja. Vijana hulipata kwa kufuata wakubwa zao, safari baada ya safari.

Kampuni nyingi za Arusha huwapeleka wageni Meru kwanza ili miili izoee kimo, halafu Kilimanjaro. Wagumu nao huhama kufuata msimu wa wageni. Januari na Februari, kisha Juni hadi Oktoba, kazi ni tele. Masika ikianza, wengi hurudi Poli, Nkoaranga na Ngarenanyuki, kwenye migomba, mahindi na nyanya.