Kasino na Farasi Mlangoni pa Serikali

Huku kwetu Lubondja farasi hatumjui. Tunajua mbuzi, tunajua kuku, tunajua ng'ombe wa milimani. Farasi tunamwona katika picha ya Mtakatifu Martino, amekaa juu yake akimkatia maskini nguo yake. Kasino nayo hatuna. Mtu wa kwetu akitaka kupoteza feza hana haja ya nyumba yenye taa nyingi: karata chini ya mwembe zatosha, na siku hizi simu yatosha kwa kubashiri mpira wa Ulaya. Kwa nini basi tuandike habari ya kasino na ya mbio za farasi? Kwanza, kwa sababu feza ya Kongo iliingia katika habari hiyo zamani, na feza ya mchezo nayo iliingia Kongo. Tena, wakubwa wa michezo hiyo miwili wamegombana miaka mingi, wala hawagombei wachezaji tu. Wanagombea mkono wa serikali. Na mkono wa serikali hutoa feza iliyotoka katika mifuko ya watu wote, hata ya wale wasiocheza kamwe.

Tuanze Ostende, mji wa Ubelgiji ulio ufukoni mwa bahari. Mfalme Leopold II aliupenda mji huo kupita kiasi, akajenga nyumba yake juu ya kilima cha mchanga. Mjini palikuwa na Kursaal, jumba la starehe lililofunguliwa mwaka 1878, ambamo matajiri walisikiliza muziki, kisha wakakaa mezani kucheza kamari. Na mwaka 1883 kikafunguliwa kiwanja cha mbio za farasi kiitwacho Wellington. Basi mji ukawa na vyote viwili. Wageni waliokuja kuoga baharini walitazama farasi mchana na kugeuza karata usiku, na mji ukaishi kwa vumbi la feza lililodondoka mezani.

Mfalme hakupenda wageni wake walowe mvua wakienda kutazama farasi. Kati ya mwaka 1902 na 1906 akajengesha barabara yenye paa na nguzo za mawe, karibu metre 400 urefu wake, kutoka upande wa nyumba yake hadi kiwanjani. Jengo hilo lipo hata leo. Nasi tunajua feza za majengo ya mfalme katika miaka ile zilitoka wapi kwa sehemu kubwa: zilitoka Kongo, katika mpira wa msituni uliokusanywa kwa kiboko na kwa kuwafunga wanawake mpaka waume zao walete mzigo. Mwaka 1908, Ubelgiji ilipoipokea Kongo kutoka mikononi mwa mfalme, ilikubali pia kulipa franka milioni 45 na nusu kwa kumalizia majengo aliyoyaanza huko Ulaya, na tena milioni 50 za kumshukuru. Za kumshukuru! Tusome tena neno hilo polepole.

Wala mfalme hakungoja farasi ndipo ajue kutumia bahati. Alipoanza dola yake ya Kongo hakuwa na feza za kutosha, naye mwaka 1887 akaomba Bunge la Ubelgiji limruhusu kukopa franka milioni 150 kwa njia ya loteri. Aliyenunua karatasi ya mkopo alingojea siku ya kura. Namba yake ikitoka, alipata zawadi kubwa kupita feza aliyokopesha. Ndiyo kusema Kongo ilikuwa imetiwa katika mchezo wa bahati kabla watu wengi wa milima yetu hawajasikia hata jina la mfalme huyo.

Katika mwaka uleule wa 1902 mawe ya barabara ile yalipoanza kupangwa, Bunge la Ubelgiji lilitoa sheria ya kukataza nyumba za kamari. Ostende na Spa, miji iliyoishi kwa kodi ya michezo, ililia sana, na serikali ikawapa fidia. Lakini kasino hazikufa. Zilifumbiwa macho miaka mingi, mpaka sheria ya mwaka 1999 ilipoziruhusu wazi na kuzihesabu: tisa, wala si zaidi. Farasi nao waliendelea kukimbia. Kila upande ukajifunza jambo lilelile, kwamba adui mkubwa si mchezaji mwenye bahati. Ni sheria, na rafiki mkubwa ni sheria pia.

Tumetaja Spa. Hapo sisi Wakatoliki tuinamishe kichwa kidogo. Katika karne ya 18 mji huo ulikuwa chini ya Askofu wa Liège, aliyekuwa pia mtawala wa nchi. Mwaka 1763 ilifunguliwa huko nyumba ya michezo iitwayo Redoute, kwa ruhusa ya mtawala, naye akapata sehemu ya faida. Ikafuata nyumba ya pili, Waux-Hall, nazo zikagombana mpaka zikapatanishwa kugawana. Mwaka 1785 mtu mmoja, Levoz, akafungua ya tatu bila ruhusa, akisema kwa haki gani askofu awape wengine na kumnyima yeye? Kesi ikawa ndefu, watu wa nchi wakagawanyika, na ugomvi huo ulikuwa moja ya kuni zilizowasha mapinduzi ya Liège mwezi wa Agosti 1789. Askofu akakimbia. Sababu za mapinduzi zilikuwa nyingi, njaa na kodi pia. Lakini mchungaji aliyekuwa na hisa katika meza ya kamari alikosa neno la kuwaambia kondoo.

Sasa turudi Kongo. Mwaka 1934, shida ya feza ilipokuwa imeenea duniani na sanduku la koloni lilipokuwa tupu, Ubelgiji ilianzisha Loteri ya Koloni. Tikiti ziliuzwa Ulaya, na faida ikaenda kusaidia Kongo. Baadaye, mwaka 1947, lilipoundwa lile Fuko la Maendeleo ya Wenyeji, ambalo wazee wengi walilijua kwa visima, dispensari na nyumba za kuzalia, sehemu ya feza zake ilitoka katika loteri hiyo. Mwanamke aliyejifungua salama katika nyumba ya kuzalia hakujua kwamba tofali moja lilinunuliwa na karani wa Brussels aliyeota kuwa tajiri. Tumlaumu? Hatuwezi. Na sisi wa parokia tusijifanye watakatifu: nani kati yetu hajapata kununua tikiti ya tombola kwa ajili ya mabati ya kanisa? Baada ya Uhuru loteri ile ilibadilishwa jina, na mwaka 1964 ikawa ya taifa la Ubelgiji. Ilikuwa imekwisha kuzoea kutembea, na nchi iliyoizaa kwa jina lake ikabaki na visima.

Lakini ugomvi ulio wazi kabisa, kasino na farasi uso kwa uso mbele ya serikali, tunauona Marekani, katika jimbo la New Jersey. Mwaka 1976 raia walipiga kura kuruhusu kasino, nazo ziwe katika mji mmoja tu, Atlantic City, uliokuwa umeanguka. Kasino ya kwanza ilifunguliwa Mei 1978. Kwa kuwavuta raia, sheria ilisema asilimia 8 ya mapato ya kasino iende kuwasaidia wazee na walemavu. Tazama ujanja: mbele ya mlango wa kamari amesimamishwa bibi mzee na fimbo yake.

Wenye farasi waliona wateja wao wakihama. Nao wakasema: farasi hali karata, anakula majani, anahitaji shamba, mchungaji, mganga wa wanyama na fundi wa kwato, mkituacha tufe, mashamba yatageuka nyumba. Maneno hayo yalikuwa na ukweli, tena ukweli zaidi ya ule wa kasino, kwa maoni yetu. Lakini dawa waliyoiomba ni ipi? Waliomba mashine za kubahatisha ziwekwe viwanjani mwao, yaani waliomba kuwa kasino. Majirani walikuwa wamekwisha kufanya hivyo: Delaware tangu mwaka 1995, na Pennsylvania kwa sheria ya mwaka 2004, ambayo iliwapa wenye farasi fungu katika mapato ya mashine.

Kasino za Atlantic City ziliogopa. Zikakubali kuwalipa wenye farasi ili wanyamaze: dola milioni 86 kwa miaka minne tangu 2004, kisha milioni 90 kwa miaka mitatu tangu 2008, kwa sharti kwamba mashine zisiingie kiwanja cha Meadowlands. Serikali ilisimama katikati kama mjomba anayepatanisha ndugu wawili kwa mali ya shangazi. Mwaka 2006 kasino zilipokea zaidi ya dola bilioni 5. Mwaka 2015 zilikuwa zimeshuka hadi karibu nusu yake, maana wachezaji walikuwa wamepata mashine karibu na nyumba zao. Gavana Chris Christie alikata msaada ule, na viwanja vya farasi vya serikali vikakabidhiwa watu binafsi. Mwaka 2014 kasino nne zilifunga milango. Wapishi, wafagiaji na wapokea wageni kwa maelfu walirudi nyumbani mikono mitupu. Hao hawakuitwa mezani feza zilipogawanywa.

Mwaka 2016 raia waliulizwa kama wataka kasino upande wa kaskazini pia, na watu 77 katika 100 wakasema hapana. Sisi tulifurahi kusoma hivyo, ingawa matajiri wa kasino za majimbo jirani walifurahi kuliko sisi, nao ndio walioilipia kampeni ya kukataa kwa sehemu kubwa.

Katekisimu ya mwaka 1992 haisemi kwamba mchezo wa bahati ni dhambi kwa wenyewe. Yasema unakuwa mbaya unapomnyang'anya mtu kile anachohitaji kwa riziki yake na ya watu wake. Kipimo hicho twakijua kwa mtu mmoja: kijana anayeuza kuku wa mama yake ili abashiri mpira. Kwa serikali twakipimaje? Yenyewe haiuzi kuku wa mtu. Inangoja tu kijana auze, kisha inachukua asilimia yake, na kwa asilimia hiyo inamnunulia mama dawa.

Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Marekani iliyaruhusu majimbo kufungua kamari ya mpira na michezo mingine, na kiwanja cha farasi cha Monmouth Park kikawa kati ya vya kwanza kuipokea. Watu wakadhani farasi wamepona. Mwezi wa Januari 2019 jimbo likatoa sheria mpya: dola milioni 20 kila mwaka, kwa miaka mitano, kutoka hazina ya watu wote, ziwe zawadi za mbio za farasi.