Njia Mbili za Kisian

Magharibi ya mji wa Kisumu, mahali paitwapo Kisian, barabara kuu hugawanyika. Moja huendelea Maseno na Busia, ikaingia Uganda. Ya pili huelekea Bondo, na hata kufika Ndori, njia ya kushoto huteremka mpaka gati la Luanda Kotieno. Zote mbili zaweza kumfikisha msafiri visiwani. Kwa ya kwanza, akiisha kupita Kampala na Masaka, hufika Bukakata, akavuka kwa feri hadi Bugala, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Sese. Kwa ya pili, feri humvusha mlango wa Ghuba ya Winam hadi Mbita, penye daraja la kwenda Rusinga na mashua za kwenda Mfangano.

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Basi kijana mwenye likizo moja na nauli ya safari moja ashike ipi?

Wengi hupima kwa mchanga mweupe, kivuli na samaki wa kukaanga. Hayo si mabaya, na Sese imejaliwa kwayo. Lakini sisi tusomao historia yatupasa kuuliza pia: ni wapi yaliyopita yatatutoweka upesi zaidi tukichelewa?

Tuanze na Sese. Visiwa hivyo, vihesabiwavyo 84, viko kaskazini magharibi ya Ziwa Viktoria. Zamani vilisifika kwa mitumbwi. Mafundi wake hawakutumia misumari. Walishona mbao kwa nyuzi za mimea, kama walivyofanya waunda mitepe wa pwani yetu. Kabaka wa Buganda aliwategemea wapiga kasia wa Sese katika vita na biashara, na katika kisiwa cha Bubembe palikuwa na hekalu la Mukasa, mungu wa ziwa, ambako wafalme walipeleka sadaka.

Ndipo yalipokuja malale, ugonjwa uenezwao na mbung'o. Inakadiriwa kuwa katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 watu zaidi ya 200,000 walikufa katika visiwa na mwambao wa Uganda. Mwaka 1909 serikali ya kikoloni iliamuru wakazi wa Sese wahamishwe wote. Ilipita yapata miaka kumi kabla ya watu kuruhusiwa kurudi, na wengi hawakurudi. Fikiri habari ya mtoto aliyeondolewa akiwa na umri wa miaka 10: alirudi mtu mzima, pasipo kukaa miguuni pa babu yake na kumtazama akishona mtumbwi katika ufuo wao. Ardhi ilikuwapo, maji yalikuwapo, lakini uzi wa mafunzo ulikuwa umekatika.

Sasa tutazame Rusinga na Mfangano. Huko Rusinga, mwaka 1948, Mary Leakey alifukua fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Huko ndiko alikozikwa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969 akiwa waziri, hali hajatimiza miaka 39. Mfangano nako, katika mapango ya Kwitone na Mawanga, kuna michoro ya duara nyekundu na nyeupe. Yasemekana ni kazi ya wawindaji waliotangulia kukaa huko, na vizazi vilivyofuata viliyaheshimu mapango hayo kuwa mahali pa kuombea mvua.

Wenyeji wa visiwa hivi ni Wasuba. Kwa mapokeo yao, baadhi ya wazee wao waliyakimbia machafuko ya Buganda katika karne ya 18, wakapiga kasia kuelekea mashariki mpaka wakafika hapa. Na lugha yao, Kisuba, ni ndugu ya Kiganda. Kumbe makundi haya mawili ya visiwa yana habari moja!

Lakini Kisuba kinafifia. Hakuna gavana aliyekipiga marufuku, wala mbung'o aliyekiua. Wasuba waliishi na Wajaluo, wakaoana nao, wakauziana samaki nao. Kijaluo kikawa lugha ya soko, kanisa na darasa, hata watoto wengi wakakua bila kusema lugha ya babu zao. Katika miaka ya 1990 zilianza juhudi za kuifundisha shuleni, na UNESCO imeihesabu miongoni mwa lugha zilizo hatarini. Ingali hai zaidi Mfangano, katika vinywa vya wazee. Lugha ikifa hivyo, haina siku ya msiba. Mzee mmoja huzikwa leo, mwingine mwakani, na hakuna ajuaye ni neno lipi lililokwenda nao.

Kwa sababu hiyo, shauri langu ni kwamba kijana ashike kwanza njia ya Bondo. Mchanga wa Bugala utamngoja; mzee wa Mfangano hawezi kungoja. Achukue daftari na kalamu. Akifika, asikimbilie ufuoni. Awaamkie wazee kwa heshima, na wakimpa ruhusa aulize: upepo huu mwauitaje kwa Kisuba? Kasia je? Na samaki huyu? Aandike kila neno, na jina la kijiji alikolisikia.

Likizo nyingine Mungu akimjalia, ashike njia ya Busia na daftari lile lile, avuke kwa feri hadi Bugala, akawasomee wavuvi maneno yake. Wakilitambua hata moja, atakuwa amesikia kwa masikio yake mitumbwi ya kale ilitoka wapi.